scp Haiulizi: Namna ya Kuzuia Faili la Seva Moja Lisikanyage la Nyingine

SWALI

Habari za kazi, mtaalamu. Nasimamia kompyuta za kampuni ya usambazaji yenye matawi matatu: Dodoma, Morogoro na Mbeya. Kila tawi lina seva ya Linux. Ikifika saa sita usiku, cron (mpanga ratiba wa kazi) ya kila seva inatuma ripoti ya siku, mauzo.csv, kwa scp (amri ya kunakili mafaili kupitia mtandao) kwenda seva kuu ya FreeBSD (mfumo wa ukoo wa Unix) iliyoko Dar es Salaam. Zamani kila tawi lilikuwa na folda yake. Tulipobadilisha seva kuu nikaona nirahisishe mambo, nikayaelekeza yote kwenye /data/pokea. Juzi mhasibu akaniuliza mbona Dodoma na Morogoro hawajauza kitu wiki nzima. Kwenda kuangalia, nakuta faili ni moja tu, la Mbeya. Nimesoma maelezo ya scp mara tatu nikitafuta swichi (herufi ya kuongeza kwenye amri) ya kuifanya iulize kwanza kabla ya kuandika juu ya faili lililopo, kama cp -i. Sijaiona. Rafiki yangu ananiambia nihamie rsync, amri nyingine ya kunakili, niweke -u, basi yameisha. Ni kweli? Na hayo yaliyopotea yanapatikana?

JIBU

Pole sana ndugu yangu, hasa kwa kikao na mhasibu. Macho yako ni mazima: hiyo swichi hukuiona kwa sababu haipo. scp ilirithi tabia kutoka kwa rcp, amri iliyokuja na 4.2BSD mwaka 1983. rcp ilikuwa mtumwa mtiifu. Ukiiambia weka faili hapa, inaweka, awe yupo mtu pale au hayupo. Tatu Ylönen alipotengeneza SSH, ile njia ya siri ya kufikia kompyuta ya mbali ambayo scp inapitia, kule Finland mwaka 1995, alichoziba ni masikio ya wadukuzi njiani. Tabia ya kufika na kukanyaga ikabaki vilevile. Hata OpenSSH 9.0 (SSH inayotumiwa na wengi), iliyotoka Aprili 2022 na kuifanya scp itumie itifaki ya SFTP kimyakimya, haikuleta swichi ya kusema "kilichopo usikiguse".

Tahadhari na hiyo cp -i uliyoitaja, maana herufi hizi zinadanganya. Kwa cp, -i maana yake niulize. Kwa scp, -i inataka faili la ufunguo wako. Ukiandika scp -i mauzo.csv itadhani mauzo.csv ndiyo ufunguo. Kwa rsync, -i inaorodhesha mabadiliko na haiulizi chochote. Vivyo hivyo -n: kwa cp ni usikanyage, kwa rsync ni jaribio la bure lisilohamisha kitu. Nimeona watu wazima wakiandika rsync -n kwenye cron wakidhani wamejikinga, kumbe mwezi mzima hakuna hata faili moja lililotoka. Hao angalau hawakupoteza kitu.

Na hata kama scp ingeuliza, ingemuuliza nani? Saa sita usiku kwenye cron hakuna mtu wa kujibu. Kuuliza ni kinga ya mtu aliye mbele ya kibodi. Kazi inayojiendesha yenyewe inahitaji kukataa, tena ikatae kwa sauti, ili asubuhi ujue.

Sasa hiyo -u ya rafiki yako. Hapana, haitoshi, na kwa shida yako ni kama dawa ya minyoo kwa mgonjwa wa jino. Kazi ya -u ni kuruka faili ambalo upande wa mapokezi tayari lina tarehe mpya zaidi. Inalinganisha saa, haijui kama mafaili hayo ni ya watu tofauti. Dodoma ikitengeneza mauzo.csv saa 5:50 usiku na Mbeya ikatengeneza ya kwake saa 5:55, -u itaona la Mbeya ni jipya zaidi na kulikanyaga la Dodoma kwa dhamiri safi. Ukisahau kuweka -t au -a mambo yanageuka tena, kwa sababu faili likifika linapewa saa ya kufika badala ya saa yake ya asili, na atakayefuata ataonekana mzee hata kama ni mpya. Hapo sijagusa seva ambayo saa yake imechelewa dakika kumi kwa sababu hakuna aliyewasha NTP, huduma ya kulinganisha saa za kompyuta. Swichi hii inafaa pale faili ni moja, mwenye nalo ni mmoja, na unataka nakala mpya isirudishwe nyuma na ya zamani. Wewe una wenye mali watatu wanaogombania jina moja.

Swichi ya rsync iliyo karibu na unachotaka ni --ignore-existing:

rsync -a --ignore-existing /srv/ripoti/ kuu:/data/pokea/

Hii ikikuta jina lipo, inaliruka, bila kujali ukubwa wala tarehe. Tatizo lake la kwanza ni ukimya. Inaruka na kurudisha sifuri, yaani "kazi imekamilika salama". Kwenye hali yako ya sasa, badala ya kubaki na faili la Mbeya ungebaki na faili la aliyefika kwanza siku ya kwanza, na kuanzia hapo ripoti zote zingerukwa milele huku cron ikifurahi. Ukiamua kuitumia, weka na -vv ili kila faili lililorukwa litajwe; utaona mistari kama "mauzo.csv exists".

Tatizo la pili ni la sekunde chache, lakini wewe limekulenga. rsync inaangalia kama jina lipo pale inapoanza kulishughulikia faili, kisha inapokea data kwenye faili la muda lililofichwa, na mwisho kabisa inalibadilisha jina kuwa lile la kweli. Kati ya kuangalia na kubadilisha jina kuna nafasi. Seva zako tatu zinaanza zote saa sita kamili. Zote tatu zinaweza kuangalia, zote zikaona patupu, zote zikaanza kupokea, na kila moja ikabadilisha jina mwishoni ikimkanyaga mwenzake. Wanaotumia hila ya

ssh kuu test -e /data/pokea/mauzo.csv || scp mauzo.csv kuu:/data/pokea/

wana ugonjwa huohuo, na wameongeza wa pili. test -e hurudisha 1 faili lisipokuwepo, lakini ssh ikishindwa kuunganisha yenyewe hurudisha 255. Kwa alama ya || vyote viwili ni "imeshindwa, endelea". Mtandao ukisinzia wakati wa kuuliza na ukaamka wakati wa kutuma, umekanyaga faili ambalo hukuwahi kujua kama lipo.

Kwa hiyo mambo ni mawili, na yote mawili uyafanye: majina yasifanane tangu mwanzo, na uamuzi wa mwisho wa kukataa ufanywe na mfumo wa mafaili wa seva inayopokea, kwa tendo moja lisilogawanyika. Kuangalia kwanza ndipo uandike ni matendo mawili, na mwenzio anaweza kupita katikati.

Tuanze na majina. Jina mauzo.csv lilifaa lilipokuwa ndani ya folda ya Dodoma, kwa sababu folda ndiyo iliyobeba ubini. Ulipoondoa folda ulimwondolea mtoto jina la baba. Mrudishie ndani ya jina lenyewe: tawi, tarehe, na saa hadi sekunde. Hapa kuna mitego miwili midogo. Wa kwanza ni kwamba ndani ya crontab, faili la ratiba ya cron, alama ya % ina maana ya mstari mpya, kwa hiyo date +%F ukiiandika moja kwa moja pale itakatwa vipande. Inabidi uandike date +\%F, au bora zaidi uweke amri zako ndani ya skripti na crontab iite skripti tu. Wa pili ni saa. Seva nyingi za kukodi huja zimewekwa UTC (saa ya rejea ya dunia), na sisi tuko masaa matatu mbele. Saa sita usiku ya Mbeya, seva iliyo kwenye UTC inasoma 21:00 ya siku iliyotangulia. Tawi moja litaandika tarehe 10, jingine tarehe 9, kwa mauzo ya siku ileile. Na ukituma kwa mkono saa tano usiku kisha ukarudia saa saba na nusu, seva ya UTC itatoa tarehe ileile mara zote mbili, na la pili litalikanyaga la kwanza kama jina lina tarehe peke yake. Mimi huweka date -u kila mahali, pamoja na sekunde, na Z mwishoni ili anayesoma ajue ni UTC.

Jina la tawi napenda kuliandika kwa mkono ndani ya skripti kuliko kutumia hostname -s, inayosoma jina la seva yenyewe. Seva zilizozalishwa kutoka nakala moja mara nyingi zinatembea na jina moja, na hutajua hadi siku ya siku.

Sasa kukataa. Unix ina amri ya kale inayokataa kwa tabia yake bila kuombwa, nayo ni ln. mv, amri ya kubadilisha jina, ikikuta jina lipo inalikanyaga. ln ya kawaida, isiyo na -s wala -f, inalipa faili jina la pili, na kama hilo jina lipo tayari inagoma na kusema "File exists". Kukagua na kuunda kunafanyika ndani ya kiini cha mfumo kwa pigo moja, hakuna mtu wa kupita katikati. Basi tunatuma kwa jina la muda, kisha tunaliomba ln litupe jina la kweli:

#!/bin/sh
set -eu
tawi=dodoma
jina="$tawi-$(date -u +%Y%m%dT%H%M%SZ).csv"
muda=".inakuja-$jina.$$"
scp -q /srv/ripoti/mauzo.csv "kuu:/data/pokea/$muda"
ssh kuu "cd /data/pokea && ln $muda $jina && rm $muda"

Isome polepole. Alama $$ ni namba ya mchakato, kwa hiyo hata skripti mbili zikianza sekunde moja kwenye seva moja zitakuwa na majina tofauti ya muda. set -e inahakikisha scp ikishindwa skripti inaishia pale, ln haifikiwi. Ikifikiwa na jina likawepo, ln inagoma, rm haifanyiki, na faili lako jipya bado lipo salama kwenye jina la muda likisubiri uliangalie. Hakuna kilichokanyagwa na hakuna kilichotupwa. Sharti ni moja tu, jina la muda na jina la kweli viwe kwenye mfumo mmoja wa mafaili. Kwenye folda moja hilo halina shida.

Kuna faida ya pili ambayo mhasibu ataipenda bila kujua. Programu yake inayosoma *.csv haitakutana na faili lililofika nusu, kwa sababu jina la kweli linatokea pale tu faili limekamilika. Mbinu hii siyo yangu. Maildir ya Daniel J. Bernstein, sanduku la barua la qmail, programu yake ya barua pepe, imekuwa ikipokea barua hivi tangu miaka ya tisini: barua inaandikwa kwenye folda ya tmp kwa jina lililoundwa na saa, namba ya mchakato na jina la kompyuta, kisha inaunganishwa kwenye new. Mamilioni ya barua yamepita bila moja kuikanyaga nyingine.

Utaniuliza mbona nisitumie mv -n. Ungeweza, ila GNU coreutils (mkusanyiko wa amri za msingi za Linux) kabla ya 9.2 hurudisha sifuri hata mv -n ikikataa, na skripti yako itaondoka ikidhani mambo yamekwenda. ln inasema ukweli siku zote.

Njia fupi zaidi, ya faili dogo, ni kuitumia sheli (ile ya kompyuta inayosoma amri, siyo ya mafuta):

ssh kuu "sh -c 'set -C; cat > /data/pokea/$jina'" < mauzo.csv

set -C inaiambia sheli ikatae alama > pale faili lipo. Nimeweka sh -c kwa makusudi, kwa sababu seva yako kuu ni FreeBSD, na kabla ya toleo la 14 akaunti ya root huko ilikuwa inatumia csh, ambayo set -C haiielewi. Lakini njia hii ina kasoro mbaya: mtandao ukikatika katikati, cat ya upande wa pili inaona mwisho wa data na kuridhika, faili linabaki nusu likiwa na jina kamili. Kwa ripoti ya kilobaiti arobaini sawa. Kwa kitu kikubwa rudi kwenye scp na ln.

Kinachonichekesha katika haya yote ni kwamba FTP, njia kongwe ya kuhamisha mafaili, mzee tunayemcheka, alikuwa na adabu hii. RFC 959 ya Oktoba 1985, hati ya kanuni zake, kati ya amri za kupokea ina mbili hizi: STOR, inayoandika juu ya kilichopo, na STOU, inayomtaka mpokeaji atafute jina lisilo na mwenzake ndani ya folda. Usirudi FTP lakini.

Sasa nikuulize wewe: kwa nini Dodoma iwe na ruhusa ya kuandika juu ya faili la Mbeya? Naamini matawi yote yanaingia seva kuu kwa akaunti moja, pengine root, ya msimamizi mwenye ruhusa zote. Hapo ndipo ajali ilipozaliwa, hizo swichi ni viraka. Fungua akaunti tatu, kila moja na folda yake ndani ya /data/pokea, mwenye folda awe ni hiyo akaunti peke yake. Mhasibu mpe kusoma kupitia kundi. Hata skripti ikikosewa, Dodoma haiwezi kuigusa Mbeya.

Ila ukicheza na ruhusa, elewa jambo moja linalowapiga chenga hata wazoefu. Chukua faili, lifungie kwa chmod 444, kisha jaribu kulikanyaga kutoka seva nyingine ukiwa mtumiaji wa kawaida. scp itagoma: Permission denied. Rudia kwa rsync. Inapita kama hakuna mlango. Sababu ni kwamba scp inalifungua faili lenyewe ili iandike ndani yake, kwa hiyo ruhusa ya faili inaihusu. rsync haigusi faili la zamani kabisa. Inatengeneza jirani yake kitu kama .mauzo.csv.Xk3f9a, ikimaliza inalipa jina la mauzo.csv, na kubadilisha majina ni suala la ruhusa ya folda, siyo ya faili. Kufuli umeliweka kwenye sanduku, mwenzio kabeba sanduku zima na kuacha lake.

Tofauti hiyohiyo ina upande mzuri na mbaya. Umeme ukikatika katikati ya rsync, faili la zamani liko palepale zima. Ukikatika katikati ya scp, la zamani limeshaharibiwa na jipya halijafika. Kama unatunza nakala za akiba kwa viungo, yaani faili moja lenye majina mawili kwenye folda mbili, scp inayoandika kwenye jina moja imebadilisha na la pili, nakala yako ya akiba imekwenda na maji. rsync ingevunja undugu huo na kuiacha nakala salama, ili mradi hujaweka --inplace, inayoifanya nayo iandike ndani kwa ndani.

Ripoti ambazo mhasibu ameshazipitia zifunge kabisa. Kwenye FreeBSD ni chflags uchg jina.csv, kwenye Linux ni chattr +i ukiwa root. Hapo rsync nayo itagoma, maana faili haliwezi kufutwa, kuandikwa wala kubadilishwa jina hadi ulifungue.

Nikuhadithie iliyonikuta mimi, maana nayo ni ya jina. Miaka ya nyuma nilikuwa nahamisha matokeo ya vipimo, mafaili kama mia mbili hivi, kwa kitanzi:

for f in *.csv; do scp "$f" kuu:/data/matokeo; done

Kikazunguka vizuri, asilimia mia kila mstari, nikafuta ya asili nikaenda kula. Kurudi, /data/matokeo siyo folda. Ni faili moja. Folda haikuwepo, kwa hiyo scp ilichukulia matokeo kuwa ni jina jipya la faili la kwanza, la pili likalikanyaga la kwanza, la tatu la pili, hadi la mwisho. Mia na tisini na tisa zilikufa mbele ya macho yangu, na kila moja ilisema asilimia mia. Mkwaju mmoja mwishoni, /data/matokeo/, ungeokoa yote, kwa sababu njia ikiishia na mkwaju na folda haipo, scp inashindwa papo hapo. Tangu siku hiyo mkono wangu unaweka mkwaju wenyewe.

rsync nayo ina mkwaju wake, ila wa upande wa chanzo. rsync -a ripoti kuu:/data/ inapeleka folda ripoti ndani ya data. rsync -a ripoti/ kuu:/data/ inamwaga vilivyomo ndani ya ripoti moja kwa moja kwenye data, juu ya chochote chenye jina linalofanana. Kabla ya kuhamisha kitu chochote kwa mkono, fanya jaribio la bure kwanza:

rsync -ain ripoti/ kuu:/data/pokea/

.d..t...... ./
<f+++++++++ morogoro-20240309T210004Z.csv
<f.st...... mauzo.csv

Mstari wenye misalaba tisa ni faili jipya, halimkanyagi mtu. Wa tatu ndiyo wa kukodolea macho: s maana yake ukubwa unatofautiana, t maana yake tarehe inatofautiana, na jumla yake ni kwamba kuna mauzo.csv pale tayari na linakwenda kufunikwa. Orodha ikiwa ndefu, ongeza | grep '^<f[^+]' utabaki na hao wa hatari peke yao. Ukiwa unavuta badala ya kusukuma, mshale unageuka kuwa >, basi geuza na kwenye grep.

Na pale ambapo kukanyaga ni halali, kwa mfano unasasisha tovuti, usikatae, hifadhi cha zamani. rsync -a --backup --backup-dir=/data/zamani/$(date -u +%Y%m%dT%H%M%SZ) inahamishia huko kila faili linalotaka kufunikwa. Usiitumie --backup peke yake. Inaongeza ~ mwishoni mwa jina, na usiku wa pili mauzo.csv~ mpya inalikanyaga mauzo.csv~ ya jana, tumerudi tulipoanzia. Ukihamisha mti mzima wa folda mara moja kwa tar kupitia ssh, weka k upande wa kufungua, tar xkf -, na GNU tar italalamika kwa kila faili lililopo badala ya kulifuta.

Yaliyopotea. Angalia kwanza kama /data iko kwenye ZFS, mfumo wa mafaili unaoweza kupiga picha za data, na FreeBSD mara nyingi iko. Andika zfs list -t snapshot. Ukiona picha za siku zilizopita, ingia /data/.zfs/snapshot/ (kama /data ndiyo mfumo wenyewe), folda hiyo haionekani kwa ls lakini cd inaingia, na unakili ulichokikuta. Usiwe na matumaini makubwa sana. Picha inayopigwa saa kumi alfajiri ingekuta Mbeya ameshawamaliza wenzake, isipokuwa usiku ambao Mbeya alichelewa. Kama hakuna picha, scp iliandika ndani ya faili lilelile na cha zamani hakipo. Njia iliyobaki ni kurudi matawini kutengeneza upya ripoti za siku hizo kutoka kwenye hifadhidata ya mauzo, ambayo naamini haijakanyagwa na mtu.

Na hata hilo la Mbeya usiliamini bado. scp tatu zilikuwa zikiandika ndani ya faili moja kwa wakati mmoja, kila moja ikianzia mstari wa kwanza. Kama la Dodoma lilikuwa refu zaidi, inawezekana kabisa ukakuta juu ni Mbeya na mkia ni wa Dodoma, tena umekatwa katikati ya mstari. Piga sha256 (alama ya utambulisho inayotokana na yaliyomo) ya faili la seva kuu, piga sha256sum ya lile la Mbeya, ulinganishe, kabla mhasibu hajaanza kujumlisha.

Ukimaliza kuweka skripti, usisubiri saa sita. Kwa jaribio weka jina lisilobadilika, jina=jaribio.csv, kisha iendeshe mara mbili mfululizo. Mara ya kwanza iwe kimya. Mara ya pili lazima uone ln ikisema File exists, na echo $? itoe namba isiyo sifuri, na ls -a kwenye /data/pokea ikuonyeshe lile la .inakuja likiwa bado lipo. Ukishaviona vyote vitatu rudisha jina la tarehe, futa ya majaribio, na juu ya crontab ya kila tawi andika MAILTO= na anwani unayoisoma kweli, maana cron hutuma kwa barua chochote kilichoandikwa na kazi yake, na huo mstari wa File exists ndio unaotaka kuuona wewe kabla ya mhasibu.